Kinu cha Bi Zuwena

Mwezi huu wa Ramadhani nimeaibishwa na tumbo langu mwenyewe.

Nnakaa chini kwenye nyumba kongwe ya mtaa wa Malindi, na sakafu ya Bi Zuwena ndiyo dari yangu: boriti, mbao na chokaa, basi. Akikohoa juu, mimi huku nnamwambia pole. Kila nikirudi kutoka dukani Mlandege nijinyooshe kidogo, yeye huanza kutwanga. Du, du, du. Nikagonga dari kwa mpini wa ufagio. Chokaa ikanimwagikia machoni, na kinu hakikusita.

Juzi hasira zikanipanda. Nikapanda ngazi, kanzu nimeivaa nyuma mbele.

"Shikamoo, Bi Zuwena. Kwani huna kazi nyengine? Watu tumefunga, tunataka kulala."

"Marahaba, mwanangu. Niwie radhi. Hutosikia tena."

Nikashuka kifua mbele, nikalala fofofo.

Magharibi ilipoadhiniwa nikala tende, nikaangalia sinia. Muhogo na uji tu.

"Bokoboko liko wapi?" nikamuuliza mke wangu. Kule dukani nshamsifu mpaka watu wamenichoka, kwamba hakuna anayelipika kama yeye, ngano na nyama zikashikana. Nikimsifu mbele yake huinamisha kichwa, nami nikadhani anaona haya.

"Lile halikuwa langu," akasema polepole. "Hutuletea Bi Zuwena kila siku. Leo kaniambia hapiki, kuna mtu kamkataza kutwanga ngano."

Akaniangalia. Nikauchukua muhogo, nikautafuna. Juu kulikuwa kimya kabisa, kama nilivyotaka.