Bateri ya Gari Nyuma ya Baba Mkwe

Sipendi kuisimulia hii, maana mpaka leo wako wamama pale sokoni Kamembe wananiita Papa Klaksoni, lakini kwa kuwa mmeshaisikia kwa watu na kila mmoja ameongeza uongo wake, afadhali aibu yangu muipate kwangu mwenyewe.

Tulikuwa tumerudi nyumbani kutoka Bukavu, vita viko ng'ambo tu ya daraja la mpakani, nami nabeba abiria kwa pikipiki na kumtaka Espérance wa Mururu, ambaye baba yake, mzee wa kanisa, hakuwahi kunicheka wala kunigombeza, ananitazama tu (ndiyo mbaya zaidi). Siku moja akaniambia nimpeleke Jumapili kanisani Cyangugu, askofu anakuja. Nikaona hapa ndipo pa kumwonyesha kwamba mimi si kijana wa hivihivi.

Nikamwendea Déo, fundi wa redio, nikitaka redio ya kaseti, taa za rangi na klaksoni, honi ile ya lori. Déo akasema umeme wa pikipiki hautaweza kulisha vyote hivyo, akafungua injini, akasuka upya koili ya kuzalisha umeme kwa waya mnene, akafunga bateri ya gari kwenye karia ya mizigo, nyuma kabisa ya kiti. Fyuzi hatukuwa nayo, tukaweka karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.

“Usiogope, inakamata,” Déo akasema, na mimi, mjinga, sikuogopa.

Jumapili mzee akatoka na suti ya kijivu, akaitazama bateri, akanitazama mimi, akapanda. Tulipoanza kuteremka kwenda Cyangugu mbuzi wakavuka, nikabonyeza klaksoni, ikalia na haikunyamaza tena. Nikashika breki, redio ikajiwasha yenyewe, muziki wa ndombolo! Nikiachia breki muziki unakatika, nikishika unaanza, na mteremko ule huwezi kuushuka bila breki.

“Zima hii kitu!” mzee akanipigia kelele sikioni.

“Papa, inakatala!”

“Basi simama!”

“Papa, nikisimama ndo inaimba!”

Maman mmoja muuza ndizi akajitwika beseni lake akalia, “Vita imevuka daraja!” na watu wakatawanyika, wengine wakikimbilia tulikotoka, wengine wakitufuata sisi, wakidhani tunajua pa kujificha. Askari wa kizuizini, kuona taa zinamulika na suti nyuma yangu, wakaondoa mti mbio wakatupigia saluti. Mzee akaipokea saluti (angefanya nini?).

Mlangoni pa kanisa kwaya ilikuwa imejipanga kumngoja askofu, na kutuona ikaanza kuimba. Nikang'oa waya wa bateri kwa mkono mtupu, klaksoni ikanyamaza, na mama mmoja akamkabidhi mzee maua: “Karibu, Baba Askofu!”

Mzee akafungua mdomo kukana, badala yake akaruka juu. Kumbe ile koili mpya ilikuwa imechemsha bateri, na kwa mteremko wote asidi ilikuwa inamwagikia kiti chake. Joto alilisikia, akadhani ni hasira.

“Inanichoma! Bantu ba Mungu, inanichoma!”

Akakimbilia beseni kubwa la maji ya kunawa mikono, akakaa humo na suti yake. Kwaya haikujua kama iache kuimba. Na hapo ndipo gari la askofu mwenyewe lilipofika, akamkuta mzee anainuka ndani ya beseni, kashika maua, sehemu ya nyuma ya suruali imebaki nyuzi. Askofu akampa mkono kwa heshima, kama vile kila parokia humpokea hivyo.

Ngozi ilipona, suti haikupona. Nilikwenda Mururu kuomba msamaha nikiwa nimeshakata tamaa, na mzee akanitazama kama kawaida yake, kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hadi akashika ukuta.

“Mtoto nakupa,” akasema akifuta machozi. “Lakini siku ya ndoa anaenda kwa miguu. Na weye pia.”

Tulienda kwa miguu, viatu vikitubana, kwaya ileile ikituimbia njiani. Tangu siku hiyo, atakayenisikia nasema nataka kuongeza hata balbu moja kwenye pikipiki, anifunge kamba.