Silinda Iliyofukizwa Moshi

Kulikuwa na sauti mbili za kusugua katika ua wetu wa Garissa, na kwa muda mrefu nilidhani ni sauti moja. Ya kwanza ilitoka barazani, alikokaa mama yangu na silinda ya chuma yenye unene wa vidole viwili, akiizungusha na kuipandisha na kuishusha kwenye ufito wa shaba uliobanwa katika jiliwa. Ufito ule aliupaka mafuta mazito yenye mchanga laini, yale ambayo mafundi wa magari hutumia kukalishia vali. Ilisema khashaa, khashaa, kama mtu anayepepeta mtama chumba cha pili. Sauti nyingine ilitoka ng'ambo ya ua, kwa mama mwenye nyumba, Ayeeyo Dahabo. Yeye alichoma kijiti hadi ncha ikawa kaa jekundu, akakitumbukiza ndani ya chombo chake cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi, kisha akasugua kuta za ndani mpaka moshi ukatoka mdomoni mwa chombo; ndivyo alivyokisafisha ili maziwa yasiharibike. Ayeeyo ni nyanya kwa Kisomali, na watoto wote wa ua walimwita hivyo, hata mimi, mtoto wa watu wa Nyeri. Harufu ya moshi wake na harufu ya mafuta ya mama zilikutana katikati, kwenye kamba ya nguo, zikaingia katika sare yangu ya shule. Mpaka leo siwezi kuzitenganisha.

Mama alifundisha ufundi wa chuma katika chuo kimoja cha pale mjini. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akijenga injini ndogo ya kukaa kiganjani, ya kuchezea ukipenda kuiita hivyo, ingawa yeye hakupenda. Silinda aliichonga kwenye kerezo la chuo kutoka kipande cha mhimili wa pampu ya kisima iliyokufa. Pistoni yake haikuwa na ringi. Kwa hiyo, alinieleza, kila kitu kilitegemea tundu: liwe laini kama kioo, na pistoni ipite humo bila kubanwa na bila kuvujisha pumzi. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Nilimuuliza shaba, ambayo ni laini, inawezaje kula chuma, ambacho ni kigumu. Akasema mchanga hujikita katika kile kilicho laini, ukakaa humo, na kutoka humo ndipo unapokula kilicho kigumu. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akaendelea kuzungusha. Nilikuwa na miaka tisa. Nilijitazama nguo nikaona mafuta tu.

Ayeeyo naye hakuelewa, lakini yeye alisema wazi. Alikuwa akivuka ua na bakuli lake la chai, anasimama mbele ya baraza, anatazama. "Mwalimu, hii kitu nasugua mpaka lini? Mtoto yangu ya mwisho nilibeba miezi tisa tu." Mama anacheka. "Pole pole, Ayeeyo. Mvumilivu hula mbivu." Na Ayeeyo, aliyejifunza Kiswahili sokoni akiuza mbuzi alioletewa kutoka Hulugho, anajibu bila kusita: "Bole bole sawa. Lakini ngoja ngoja naumiza tumbo." Nilizijua methali zote mbili kutoka kitabu cha shule, na hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia ni ipi inayotawala siku gani.

Mwaka huo walimu wa bara walikuwa wakiondoka mmoja mmoja. Sababu zake watu wazima walizizungumza kwa sauti ya chini, wakinyamaza nilipoingia. Baba alikuwa ameshatangulia Nyeri, na kila Jumapili alipiga simu. Ayeeyo aliniuliza, "Hooyo, nyinyi mnarudi Kenya lini?" Hilo nalo lilinichanganya mara mbili. Hooyo maana yake ni mama, lakini akina mama wa kule huwaita hivyo watoto wao, kwa mapenzi; basi nilikuwa mama wa Ayeeyo na mjukuu wake pia. Na ramani ya darasani ilionyesha kwamba Kenya ndimo tulimokuwa. Lakini nilijua alichouliza: kwake Kenya ilianzia ng'ambo ya Tana. Mimi sikutaka kwenda. Nyeri niliijua kwa baridi tu na kwa binamu walioniita Msomali. Nilipomuuliza mama, alisema: "Tutaondoka injini ikishanguruma." Funguo za karakana alikwisha kuzirudisha, kazi iliyobaki ilikuwa hiyo ya mkono, kusugua tundu. Nikaelewa jambo moja tu katika msimu ule wote: silinda isipokamilika, hatuendi popote.

Basi nikawa mlinzi wa kasoro. Kila jioni mama alifuta tundu kwa kitambaa, akaziba upande mmoja kwa kidole gumba, akaingiza pistoni yenye tone la mafuta upande wa pili. Ikishuka upesi, inavuja. Ikikwama, inabana. Alitaka ining'inie juu ya pumzi iliyofungwa, ishuke taratibu kama mtu anayekaa kitini akiwa na maumivu ya mgongo. Nilitazama uso wake kuliko nilivyotazama pistoni. "Bado?" "Bado kidogo." Usiku ule nalala vizuri. Wiki za mwisho niliona kwamba sauti imebadilika. Khashaa ilikwisha, ikabaki shii, shii, nyepesi, kama mtu anayempapasa paka. Kopo la mafuta ya mchanga lilikuwa limefungwa, na vumbi jekundu limetanda juu ya kifuniko. Niliviona vyote viwili. Sikuvijumlisha.

Siku moja mchana mama alivaa sketi yake ya ofisini. Barua ya uhamisho ilikuwa tayari, aende akaichukue. Silinda aliiacha juu ya gazeti. "Hiyo usiiguse. Imebaki kusafishwa tu. Isibaki hata chembe moja ndani." Akatoka. Nikabaki nimesimama juu ya maneno yale: imebaki kusafishwa tu.

Niliibeba katika ukingo wa gauni, nikavuka ua. Ayeeyo alikuwa kazini, vyombo vyake vimepangwa ukutani. Nikamwambia mama amesema isafishwe ndani, na hilo lilikuwa kweli. Aliigeuza, akaichungulia kwa jicho moja. "Hii nabeba maziwa ya nani? Ya banya?" Wajukuu wake wakaangua kicheko kwa huyo panya na maziwa yake. Lakini kazi ni kazi. Alichagua kijiti chembamba kuliko vyote, akakichoma, akapuliza, akakitumbukiza. Chuma kililia kidogo, mafuta yakaungua, moshi mweusi ukatoka pande zote mbili. Alisugua kwa uangalifu uleule aliovipa vyombo vya maziwa vya wanawe, juu na chini, akizungusha, sawasawa na mama. Mikono yao ilikuwa na mwendo mmoja. Nilisimama pale nikijua kwamba hii ni silinda na kile ni chombo cha maziwa, na pia nikiamini kwamba safi ni safi. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka ni lipi kati ya hayo lililonivusha ua. Sijui. Nadhani yalinishika mikono, yote mawili, moja huku, moja kule.

Mama aliporudi, Ayeeyo mwenyewe ndiye aliyempa, kwa mikono miwili. "Nimekusafishia, Mwalimu. Sasa hata mkitembea siku saba, maziwa haiharibiki njiani." Mama aliielekeza silinda kwenye mwanga. Lile tundu lililokuwa kioo lilikuwa jeusi kama koo la chungu. Nilingoja kofi. Aliishusha, akainusa, akakaa nayo puani muda mrefu. "Ahsante, Ayeeyo," akasema. Kisha akaingia ndani akaanza kushusha mapazia.

"Mama, si lazima uisugue tena?"

"Lazima."

"Si ulisema tunangoja ingurume?"

"Niletee lile sanduku la chini ya kitanda."

Kesho yake asubuhi tulivuka daraja la Tana. Ayeeyo alitupa kidumu cha maziwa ya ngamia, yenye ladha ya moshi, na kweli hayakuharibika. Mimi nilikuwa nimeiharibu injini ili tubaki, kama niliiharibu, na papo hapo tukaondoka. Hesabu hiyo nimeifanya tangu siku ile, na kila mara inaleta jibu jingine.

Mwaka jana nilirudi Garissa. Ua wetu ni ghorofa lenye maduka ya simu, na maziwa ya ngamia niliyapata kwenye friji, katika chupa yenye lebo, bila moshi hata kidogo. Ayeeyo alikwisha kufariki. Nilikunywa nusu nikaiacha. Kisha nikapanda gari hadi Nyeri, kwa mama, ambaye injini yake haikupata kunguruma. Silinda iko dirishani jikoni, hajaiosha. Nikamwambia hatimaye kwamba mimi ndiye niliyeipeleka kwa Ayeeyo, na kwamba huenda nilikusudia.

Aliendelea kumenya viazi. "Ilikuwa tayari wiki tatu kabla," akasema. "Nilikuwa nasugua kwa mafuta matupu, bila mchanga."

"Kwa nini?"

"Barua ya uhamisho niliiomba mwenyewe," akasema, kana kwamba ndilo jibu. Nilikuja na swali moja, sasa ninayo mawili.

Nikaziba tundu kwa kidole, nikajaribu pistoni. Haikuingia hata nusu. Masizi na kutu vimebana. Mama alifuta mikono, akafungua droo, akanipa ufito wa shaba.

"Unarudi Nairobi lini?"

"Kesho."

Aliyatazama makopo mawili kwenye rafu, moja lile la mafuta ya mchanga. Akanishushia lile la mafuta matupu.