Mafungu ya Udongo

Mpaka leo nikisikia kipaza sauti kinamtangaza "mgeni rasmi", damu inanichemka. Niacheni, nina sababu.

Tulikuwa tunachimba kisima kijijini kwa shangazi yangu, jirani na Ghuba ya Mnazi. Shangazi amezeeka akinywa maji ya chumvi. Mimi ndiye niliyesomea miamba, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kusoma udongo unaotapikwa na mtambo, nijue mchanga wenye maji baridi unaishia wapi na wenye chumvi unaanzia wapi. Katikati hukaa tabaka jembamba la udongo wa mfinyanzi. Mabomba yenye matundu yakiishia juu yake, mnakunywa. Yakipita chini yake, mmechimba bahari.

Basi udongo wa kila mita tuliumwaga fungu lake, kwa mstari, kama nyanya sokoni. Unapita na kioo cha kukuzia, unadondosha tindikali uone kama patatoka povu, unatafuna kidogo. Mchanga hukwaruza meno, mfinyanzi huteleza. Mafungu ya juu niliyamaliza. Ya chini yalitoka giza limeshaingia, na rangi ya udongo haisomwi kwa tochi. Nikamwambia msimamizi wa mtambo yasiguswe mpaka asubuhi.

"Usijali, dada," akasema.

Asubuhi nikakuta uwanja mweupe. Hakuna hata fungu moja! Shangazi amesimama katikati na fagio la chelewa, jasho linamtiririka, anacheka.

"Umeona, mwanangu? Kesho anakuja mgeni rasmi. Msimamizi wenu katuomba tusafishe, nikawaambia wenzangu, hapa anafanya kazi mtoto wetu, asije akaaibika."

Udongo wote, mita zote zimechanganyika, walikuwa wameufukia kwenye shimo la taka. Nikamwambia ahsante, shangazi.

Kisha nikamwendea msimamizi.

"Wewe ulijua! Yule mama hajui, lakini wewe unajua!"

"Dada, punguza jazba. Matope tu hayo. Tuteremshe mabomba mpaka chini kabisa, maji yatakuwa mengi."

Nikamwomba tutoboe tundu jingine jembamba pembeni, tuanze kusoma upya. Akasema mgeni ni kesho. Nikamwita mshenzi mbele ya mafundi wake, na neno hilo silirudishi. Nikapiga simu ofisini, nikaambiwa nimsikilize msimamizi. Mabomba yakateremshwa mpaka chini.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, akafungua bomba, maji yakaruka, vigelegele vikapigwa. Yeye akanywa ya chupa. Akausifu uwanja kwa usafi, msimamizi akapiga makofi kuliko wote.

Magari yalipoondoka, shangazi akakinga kiganja, akaonja, akatema.

"Mwanangu, mbona ni yale yale?"

Nikaonja na mimi. Chumvi.

"Ninyi mliosoma, mlikosea wapi?"

Jina la msimamizi likawa kwenye ncha ya ulimi. Lakini ningeanzaje kumtaja bila kulitaja lile fagio?

"Ardhi ya pwani ina hila, shangazi."

Akafunga bomba vizuri, asipoteze maji. Akautazama uwanja.

"Na tulivyofagia," akasema.