Simba Niliyemkimbia Njia ya Newala

Bora jambo hili niliseme mwenyewe, maana watu wa Masasi wameshaanza kulisimulia kwa kulitia chumvi. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimetulia juzi tu, na Mjerumani mmoja alinichukua niwe mkalimani wake kwenda Newala. Alitaka kuona vinyago vya Wamakonde na wanyama wa mwituni. Njia nzima nilijigamba kwamba simba nawajua kwa harufu, ingawa kila jani lililotikisika lilinishtua moyo.

Karibu na kijiji cha Makote tuliingia kwenye kichaka kizito. Mbele yangu, kati ya majani, nikaona kichwa kikubwa chenye manyoya, meno nje, kikinikodolea macho bila kupepesa.

"Simba!" nikapiga kelele, nikautupa mzigo na kuparamia mti. Mjerumani akainua bunduki.

"Msipige!"

Mtu akatokea majanini, kichwa kile mkononi, kumbe ni kinyago, jasho likimtiririka. Alikuwa fundi, amejificha huko kuchonga ili wanawake wasivione vinyago kabla ya siku ya ngoma. Mjerumani akashusha bunduki. Nusura nimuue mtu kwa mdomo wangu.

Fundi akanitazama kule juu, akasema jambo kwa Kimakonde, akacheka mpaka akakaa chini.

"Anasemaje?" akauliza Mjerumani.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Nikiwa bado nimekumbatia tawi, nikamjibu, "Anasema, bwana, mnyama wa mwitu aliyemwona leo ni mmoja tu, naye yuko juu ya mti."