Upande wa Mteremko

Fundi wa spika aliyekuja kwenye harusi yetu kule malishoni hakuanza na nyaya. Alivua viatu, akatembea taratibu mbele ya mahema ya sufu, akiipapasa ardhi kwa nyayo. Alipopata mahali, alichimba kwa kisu kishimo cha mguu mmoja wa stendi, akapachika spika, akaweka bakuli la chai juu yake na kuichungulia chai. Ilipolalia upande mmoja, alichimba tena. Kisha akaning'iniza mfuko wa mawe katikati ya miguu ya stendi.

"Inyanyue zaidi, fundi," alisema mjomba Tokon. "Wa ng'ambo ya mto nao wasikie."

"Wa ng'ambo hawajaalikwa," alijibu kwa sauti ya chini, akaishusha kidogo.

Muziki ulipoanza tulimtandikia zulia karibu na nyama. Yeye akachukua sahani yake, akaenda kukaa peke yake chini ya spika, upande wa mteremko. Nilimfuata, nikamuuliza kama tumemkosea.

"Hapana, dada. Ikianguka, itaangukia hapa," alisema akitafuna. "Na watoto wanapapenda. Wakija, nawaambia pamejaa."