Yuko-Njiani na Vifaranga wa Bondeni

Tangazo kwa umma. Wenye kofia wazivue, wenye magari wazime injini, kama hazijajizima zenyewe. Huduma ya kuwakwamua madereva imefariki dunia baada ya kuugua kwa miaka mingi. Haikuacha mjane wala yatima, isipokuwa mwanamke mmoja mwenye simu mbili mezani.

Mwanamke huyo madereva humwita Yuko-Njiani. Jina alilopewa na mama yake hawalijui, maana kila aliyewahi kuharibikiwa na gari amemsikia akisema, kwa sauti ya kubembelezea mtoto, "Fundi wetu yuko njiani." Zamani ilikuwa kweli. Kampuni ilikuwa na magari ya kuvuta hadi uani hapatoshi, na fundi alifika kabla hujamaliza kutukana. Kisha bosi akauza gari moja, akanunua mabango. Akauza la pili, akaongeza mabango. Mwishowe likabaki moja, liko uani juu ya matofali, na fundi amelala chini yake, miguu nje, kama kwamba gari limemmeza likashindwa na viatu.

Siku hiyo, jua likiwa la utosi, simu ya kushoto ililia.

"Dada, tairi limepasuka! La akiba ninalo, jeki sina, shemeji aliiazima hajarudisha. Na nyuma nimebeba vifaranga, wametotolewa jana tu. Jua hili litaniulia wote!"

Alikuwa mfugaji, mama kijana. Hawa ndio walikuwa vifaranga wake wa kwanza, na mama mkwe alishamwambia kuku wanataka mtu mwenye akili.

Yuko-Njiani akafungua kinywa kutoa maneno yake ya kila siku. Hayakutoka.

"Hebu wasogezee simu," akasema.

Akasikiliza. Piii, piii, piii, kelele za soko zima. Kisha sauti zikaanza kupungua, moja moja, kama taa za mtaa umeme unapofifia.

"Mdogo wangu, nisikilize vizuri. Fundi hayuko njiani."

Ofisi nzima iligeuka. Mhasibu aliacha kikombe hewani. Ilikuwa kama kumsikia kinyozi akikwambia nywele zako ziko sawa, nenda nyumbani.

"Sasa nifanyeje, dada?" Mfugaji alikuwa analia.

"Uko wapi hasa?"

"Chini ya mteremko mrefu, kwenye daraja lililobomoka ukingo."

Yuko-Njiani aliitazama simu ya kulia. Akaiinua, akampigia mwalimu mstaafu aliyekwama kilimani penye mnara, ambaye tangu asubuhi alikuwa akidanganywa kwamba fundi yuko njiani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Fundi yuko njiani?"

"Hapana, mwalimu. Wewe ndiye uko njiani. Jeki unayo?"

"Jeki ninayo. Pampu ya mafuta ndiyo imeniaga."

"Na hapo juu kwenye mnara, ukitazama bondeni, unaona nini?"

"Naona daraja. Kuna kigari, na binti anapepea makasha kwa kitambaa. Anafukuza nini, nyuki?"

"Breki zako zikoje?"

"Zipo, mwanangu, ila bila injini ni ngumu kama moyo wa karani wa pensheni."

"Basi kanyaga kwa miguu yote miwili. Washa ufunguo ili usukani usijifunge, weka gia huru, shuka taratibu. Likitaka kukimbia, vuta breki ya mkono kidogo kidogo."

Akazigeuza simu, mdomo wa hii kwenye sikio la ile, akazibana kwa viganja ili wale wawili wasikilizane. Ofisi ikasikia kokoto zikisagika, chuma kikilalamika, na mwalimu akiwakemea watoto wasioonekana: "Polepole... polepole... kaa chini wewe!" Hapo alikuwa analiambia gari.

Simu ya kushoto ilikuwa karibu kimya. Piii moja. Kimya. Piii.

Mara ile piii ikasikika kwenye simu ya kulia pia. Kifaranga yuleyule, kwa mbali, kisha kwa karibu, hadi akawa analia kwenye masikio yote mawili. Mhasibu, mtu asiyeamini chochote kisicho na risiti, alijishika kichwa. Magari mawili mafu yalikuwa yamekutana bondeni, na aliyeyakutanisha hakuwa ametoka kwenye kiti.

"Shikamoo, mwalimu," ilisikika sauti ya mfugaji.

"Marahaba, binti. Acha kulia, shika hii jeki."

Vifaranga walioanza kulegea walihamishiwa kwenye gari la mwalimu, madirisha wazi. Tairi likabadilishwa. Kamba ya kufungia makasha ikawa ya kuvutia, na kigari cha mfugaji kikamkokota mwalimu hadi mjini, vifaranga wakipigwa upepo. Watatu hawakuamka. Wengine wote, mfugaji alipiga simu kusema, walikuwa wanakunywa maji, na mama mkwe alikuwa amechuchumaa anawatazama, amekosa la kusema kwa mara ya kwanza tangu harusi.

Bosi alitoka chumbani mwake macho yamemlowa. Akasimama mbele ya meza ile, mkono kifuani.

"Dada," akasema, "huduma ilikuwa imekufa, wewe umeifufua. Nimesimama mlangoni nywele zimenisimama. Wazo kubwa namna hii ulilipata wapi?"

Yuko-Njiani alirudisha simu zake mahali pake.

"Wazo gani, bosi? Njaa ilikuwa inaniuma, na wale wawili walikuwa wananichelewesha kwenda kula."