Sahani ya Bibi kwenye Ukuta wa Mgiriki

Harufu ya zafarani iliyolowekwa katika marashi ya waridi hunirudisha moja kwa moja mlangoni mwa chumba cha mama yangu, hapa Kalemie, mji ambao miaka ile ya hamsini uliitwa Albertville. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, walikuwa wameanikwa mchangani, na harufu yao iliingia dirishani ikachanganyika na ile ya wino wa zafarani aliouleta Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Mama alikuwa na uchungu tangu jana yake, na mtoto hakuwa akitoka. Papa alikuwa safarini Kabalo na treni ya mizigo. Mkunga alitoka chumbani akifuta mikono, wala hakumtazama mtu usoni. Mimi, mtoto pekee wa Mama aliyekuwa amebaki hai, nilikaa kizingitini nikisoma kila sura fupi niliyoijua, nikimaliza narudia, kwa sababu niliogopa kwamba nikinyamaza kidogo tu, jambo baya litapata nafasi ya kupita.

Kwetu, mwanamke aliyezidiwa na uchungu huandikiwa kombe: aya huandikwa kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa maji, na maji yale akanywa. Mwalimu alisema sahani yoyote safi inatosha, maana anayeponya ni Mwenyezi Mungu. Alisema kweli, na hadi leo sijaamini vingine. Lakini Mama aliitaka ile sahani nyeupe yenye maua ya buluu pembeni, ambayo baba yake Bibi aliivusha kutoka Kigoma, na ambayo Bibi aliinywea siku ya kumzaa yeye. Aliiita kama mtu anavyomwita ndugu aliye chumba cha pili. Na sahani haikuwamo nyumbani.

Tulipobomoa paa ili kuliezeka upya, Bibi alikuwa ameipeleka kwa Bwana Yorgo, Mgiriki mwenye duka la kuta za saruji karibu na stesheni, mnunuzi wa ndagala wake. Alimwambia, “Uniangalizie hii sahani yangu.” Bwana Yorgo aliipokea kwa mikono miwili, macho yakamlowa, na Bibi akarudi akijiuliza sahani imemliza nini. Baadaye tulisikia sokoni kwamba ameitundika ukutani, katika chumba cha nyuma ya duka alimopanga vitu vya kisiwa alichozaliwa, na kwamba kila Jumapili hufungua watu waingie watazame. Bibi alicheka, akasema ataifuata. Paa liliisha, na shughuli zikamsahaulisha.

Sasa alinishika mkono tukaenda karibu kwa kukimbia. Bwana Yorgo alikuwa mlangoni, amevaa shati jeupe, akafurahi kutuona kuliko tulivyostahili. “Mama Mwamini, leo unaona kisiwa yangu yote,” alimwambia Bibi, akatuingiza. Chumba kilikuwa baridi na chenye harufu ya nta. Nakumbuka mtambo wa mbao wa kufumia nguo, wa mama yake. Wavu wa samaki uliokauka kama majani. Kitu cha manjano chenye matundu, alichosema huvunwa chini ya bahari na watu wanaozama bila kuvuta pumzi. Na picha ya nyumba nyeupe zilizopandana mlimani. Taa ndogo iliwaka mbele ya sura ya Bibi Mariamu na mwanawe, nami nikainamisha macho kwa heshima. Kisha nikatazama juu. Ukuta mzima, hadi darini, ulikuwa sahani. Kwao, alieleza, kila nyumba hutundika sahani za mababu ukutani, na mgeni huijua familia kwa kuzitazama. Yetu ilikuwa juu kabisa, katikati, mahali pa heshima, ambapo hakuna mkono wa mtu uliofika.

“Bwana Yorgo, nimekuja kuchukua sahani,” Bibi alisema.

“Kwanza kula. Kwetu mgeni anakula, njo anasema.” Akaleta tunda lililopikwa kwa sukari, kijiko kimoja kila mtu, na glasi ya maji. Bibi hakuwahi kukataa chakula cha mtu ndani ya nyumba yake. Alimeza kijiko kile kama dawa. Mimi langu nililila macho yangu yakiwa ukutani. Nilikuwa nikisikia sauti ya Mama katika kila ukimya wa chumba kile.

“Sasa sahani,” Bibi akasema.

“Lakini ulinipa.”

“Nilikuambia uniangalizie.”

“Ndiyo, Mama. Naangalia. Asubuhi naangalia, mangaribi naangalia.”

“Kuangalizia njo kutunza, Bwana Yorgo. Hapana kuitumbulia macho.” Halafu sauti ikamvunjika. “Mtoto wangu anazaa, na anazaa vibaya.”

Bwana Yorgo hakuuliza sahani inahusika vipi na uzazi. Alileta ngazi, akapanda, akashuka nayo amekumbatia kifuani. Bibi aliigeuza, na rangi ikamtoka usoni. Waya ulikuwa umepita ndani yake.

“Umeitoboa?”

“Kidogo. Nyuma.”

Sahani iliyotoboka haishiki kombe. Bibi aliimiminia maji ya glasi yake, akaishika juu ya sakafu kavu, nasi watatu tukainama kutazama chini. Sijui tulikaa vile muda gani. Sakafu ilibaki kavu. Tundu lilikuwa limepita katika ule ukingo wa chini unaokalia meza tu, halikugusa tumbo la sahani. Bwana Yorgo alijifanyia ishara ya msalaba, Bibi akamshukuru Mola wake, na Mgiriki akawasha kamyoneti yake, lori dogo la duka, akaturudisha.

Mwalimu aliandika, Mama akanywa, na kabla ya alasiri nilisikia sauti ya mdogo wangu Zena. Siku ya kumpa jina, Bwana Yorgo alikuja na kitambaa cha shela. Bibi alimrudishia sahani mwenyewe. “Sasa unajua kuangalizia,” alimwambia. Tulipopita tena dukani, tuliiona imeteremshwa kutoka katikati ya ukuta hadi karibu na mlango, mahali ambapo Bibi, mfupi kama alivyokuwa, angeifikia bila ngazi. Na miaka ya taabu ilipomfukuza Bwana Yorgo katika mji huu, aliileta kwetu kabla ya kupanda meli, imefungwa katika shati lake jeupe.

Leo wajukuu zangu wanazalia hospitali, nami nawaombea wakiwa njiani na nashukuru. Majuzi mjukuu wa Zena alinionyesha katika simu yake makumbusho ya kisiwa kimoja cha Wagiriki: mtambo, wavu, na ukuta wa sahani nyuma ya kioo. Nilizitazama kwa muda mrefu, nikawaza ni nani aliyeziacha, na kama alisema atazifuata. Kisha binti yule akaniomba atundike yetu, kwa kuwa tundu lake tayari lipo. Nilimkubalia. Nilisimama kando ya ukuta, nikanyoosha mkono, nikamwonyesha pa kupigilia msumari: hapo unapofikia mkono wangu, si juu zaidi.